Bwawa fupi, kamba ya kiunoni au bahari: wapi pa kupunguza sekunde zako za kuogelea ukiwa Dodoma

Triathloni ndefu ni mita 3,800 za kuogelea, kilomita 180 za baiskeli na kilomita 42.2 za kukimbia. Mkazi wa Dodoma hana cha kulalamikia kwenye baiskeli na kukimbia: barabara za Morogoro, Iringa na Singida zinaanzia mjini, na upepo wa kupambana nao upo wa kutosha. Kinachokosekana ni maji. Bahari iko takriban kilomita 450, mabwawa ya kuogelea mengi ni ya hoteli na ni mafupi, na malambo ya jirani hayafai kwa sababu zitakazotajwa huko mbele. Zinabaki njia tatu: bwawa fupi, kuogelea mahali pamoja ukiwa umefungwa kamba ya mpira kiunoni, na safari za Dar es Salaam kwa ajili ya bahari.

Tuseme mapema tunakosimama. Kasi hujengwa bwawani, hata likiwa fupi. Kamba ni msaidizi. Bahari haiongezi kasi. Inakufundisha kutoipoteza kasi uliyokwisha kuijenga. Wengi hufanya kinyume: wanatumia fedha na siku za mapumziko kwenda kuogelea kilomita tatu baharini kwa mtindo uleule mbovu, kisha wanashangaa saa inapowaonyesha matokeo yaleyale ya mwaka jana.

Anza na hesabu ya kikomo

Mbio za Ironman, triathloni za umbali huu ambazo zilianzia Hawaii mwaka 1978, kwa kawaida hutoa saa 2 na dakika 20 kwa kuogelea. Ukigawa kwa mita 3,800 unapata 3:41 (dakika 3 na sekunde 41) kwa kila mita 100. Mtu anayeogelea 3:20 bwawani hujiona yuko salama, kwa kuwa hiyo ni saa 2:06:40. Lakini katika bwawa la mita 20 anasukuma ukuta mara tano katika kila mita 100. Tukikadiria kwamba kuta hizo zinampa sekunde 8, kasi yake halisi ni 3:28. Akipinda njia kwa asilimia 5 baharini, jambo la kawaida kabisa kwa asiyezoea, atamaliza kwa saa 2:18 na ushee. Amebakiza dakika moja na nusu hivi, na hapo hatujahesabu mawimbi wala kupigwa mateke mwanzoni. Fanya hesabu hii kwa kasi yako mwenyewe kabla ya kuchagua njia.

Bwawa fupi la hoteli

Kwanza lipime kwa tepu. Usikubali namba unayoambiwa mapokezi, kwa sababu wengi husema mita 25 kwa mazoea. Kama saa yako ya mkononi imewekwa mita 25 na bwawa lina 20, inakuandikia mita 1,000 ulipoogelea 800, na 2:20 unayojivunia ni 2:55. Kama bwawa lina umbo la kupinda, tafuta mstari ulionyooka mrefu kuliko yote, weka alama mbili ukingoni na upime kati ya alama hizo.

Kisha tafuta kasi yako ya kizingiti, yaani kasi unayoweza kuishikilia muda mrefu bila kukatika pumzi. Pasha mwili kwa dakika 10, ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote lakini kwa mwendo ulio sawa, pumzika dakika 8 hadi 10 ukielea polepole, kisha ogelea mita 200 kwa nguvu zote. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawa kwa mbili. Mfano: 400 kwa 8:40 na 200 kwa 4:04. Tofauti ni sekunde 276. Nusu yake ni 138, yaani 2:18 kwa mita 100. Bwawa lenye mita 18 halikuzuii. Ogelea urefu 22 (mita 396), kisha urefu 11 (mita 198). Gawa tofauti ya sekunde kwa 198, zidisha kwa 100.

Kipimo hiki huharibika kwa njia mbili. Ukiogelea ile 200 kwa uvivu kwa sababu umechoka, tofauti inakuwa ndogo na unapata kasi ya kizingiti iliyo nzuri kuliko uwezo wako. Wiki inayofuata kila seti itakushinda. Ukianza ile 400 kwa pupa na kufa katikati, inatokea kinyume: unapata kasi ya chini mno, na mazoezi yatakuwa mepesi mno kukubadilisha. Dawa ni mtu wa kukusomea muda wa kila mita 100. Mita 100 za pili, tatu na nne zisiachane kwa zaidi ya sekunde 4. Rudia kipimo kila baada ya wiki 4 hadi 6, katika bwawa lilelile.

Faida kubwa ya bwawa ni kwamba makosa yanaonekana. Maji ni tuli na umbali haubadiliki, na mwenzako anaweza kukurekodi kwa simu kutoka ukingoni. Mpe kazi ya kurekodi urefu miwili ukimjia uso kwa uso na miwili ya ubavuni. Hapo utaona mambo ambayo mwilini huwezi kuyahisi kabisa. Kichwa kilichoinuka ndicho cha kwanza. Ukitazama mbele badala ya chini, kiuno na miguu huzama, na unaanza kuyasukuma maji kwa kifua na mapaja. Anayekimbia na kuendesha baiskeli sana ana mapaja mazito na vifundo vya miguu vikavu, hivyo kosa hili humgharimu kuliko mtu mwingine. Tazama sakafu ya bwawa, kidevu kikiwa kimelegea, na pumzi itoke puani na mdomoni mfululizo uso ukiwa majini. Anayebana pumzi kifua kinaelea kama puto na miguu inashuka. Akigeuka kupumua anatakiwa atoe na avute hewa kwa wakati mmoja, nafasi haitoshi, na baada ya mita 50 anahema. Watu wengi hudhani hapo hawana stamina, kumbe hawatoi hewa.

La pili ni mkono unaovuka mstari wa katikati ya kichwa. Kwenye video ya mbele utaona mwili unapinda kama nyoka. Ingiza mkono sambamba na bega, hata kama utahisi unaupeleka nje mno. La tatu ni kiwiko kinachoshuka wakati wa kuvuta: kiganja kinateleza kuelekea chini badala ya kusukuma maji nyuma. Elekeza vidole chini mapema, kiwiko kikibaki juu ya kiganja, na usukume hadi pajani. Hili huchukua miezi kulirekebisha, si wiki, na ndilo lenye sekunde nyingi kuliko yote.

Hesabu mikono katika kila urefu. Katika mita 20, mtu mzima wa kimo cha kawaida anayesukuma ukuta vizuri hutumia mikono 16 hadi 20. Ukizidi 22, usijisumbue na seti za kasi kwa sasa. Kila juhudi unayoongeza inaishia kwenye mapovu.

Kwa mtu mwenye kizingiti cha 2:18, wiki katika bwawa la mita 20 inaweza kuwa hivi (mwendo wote ni wa kila mita 100):

Jumanne: mita 200 za kupasha, 8 × mita 40 za zoezi la mbinu moja tu, mapumziko sekunde 20, kisha 12 × mita 40 kwa mwendo wa 2:12, mapumziko sekunde 20.

Alhamisi: mita 300 za kupasha, 10 × mita 100 kwa 2:18, ukianza kila baada ya 2:35. Ongeza marudio mawili kila wiki hadi yafike 18.

Jumamosi alfajiri: 3 × mita 600 kwa 2:24, mapumziko dakika 1, ndani ya wiki 10 fika 4 × mita 800.

Alhamisi ndiyo roho ya mpango. Kosa la kawaida ni kuogelea marudio matatu ya kwanza kwa 2:08 kwa kuwa mwili bado mpya, kisha kumaliza kwa 2:30. Wastani unaweza kuonekana mzuri, lakini hujafundisha mwili kushikilia kitu chochote. Rudio la kwanza na la mwisho yasiachane kwa zaidi ya sekunde 3. Angalia pia kwamba mita 100 katika bwawa la mita 20 ni urefu tano, hivyo unamalizia upande wa pili. Weka saa kubwa ya ukutani au mwenzako upande huo, au badilisha marudio yawe ya mita 120 na uanze kila baada ya 3:06.

Udhaifu wa bwawa fupi ni kuta. Mita 3,800 katika bwawa la mita 20 ni urefu 190, na kila ukuta unakupa msukumo wa bure na nusu sekunde ya kupumzisha mabega. Ili kuuondoa, siku ya Jumamosi geuka mita moja na nusu kabla ya ukuta bila kuugusa: vuta mkono mmoja kwa upana, zungusha mwili, anza tena kutoka mwendo sifuri. Ni kazi ngumu na muda wako utaonekana mbaya. Usiulinganishe na muda wa siku nyingine.

Dodoma ina mambo yake mawili. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai maji ya bwawa lisilopashwa moto huwa ya baridi sana asubuhi. Mwinuko huo si mkubwa, lakini ongeza sekunde 5 za mapumziko kwenye seti fupi ukiona pumzi haikai sawa. Baridi inadai uangalifu zaidi: mabega makavu yanayoingia moja kwa moja kwenye seti ya kasi ndiyo yanayoumia. Zungusha mikono dakika 5 nje ya maji, na ongeza mita 200 za kupasha. Halafu tazama maji yenyewe. Kama huoni sakafu vizuri upande wa kina kirefu, usiingie siku hiyo.

Kuhusu umati: mwisho wa wiki kuanzia saa nne asubuhi mabwawa ya hoteli hujaa watoto. Zungumza na meneja kuhusu malipo ya mwezi na ruhusa ya kuingia saa 12:30 asubuhi. Hoteli nyingi hukubali mteja anayekuja mapema na kuondoka kabla wageni hawajamaliza kifungua kinywa.

Kamba ya kiunoni

Hii inamfaa mwenye bwawa dogo mno, la mita 8 au 10, au anayelikuta limejaa. Vifaa ni mkanda mpana wenye kifungio, mita 3 za mpira unaovutika, na mahali imara pa kufungia. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kwa urefu na kuunganishwa vipande viwili hufanya kazi, ila klorini na jua huula haraka. Ukagueni kabla ya kila zoezi, kwa sababu ukikatika unarudi kwa nguvu na unaweza kumjeruhi aliye nyuma. Funga kwenye ngazi ya bwawa karibu na usawa wa maji. Watu hufunga juu, kwenye nguzo ya mwavuli, na hapo kamba inainua kiuno na kukudanganya kwamba umelala vizuri.

Zoezi ni rahisi: 5 × dakika 4, mapumziko dakika 1, sekunde 30 za mwisho za kila rudio zikiwa za nguvu. Chagua kigae kimoja sakafuni na ubaki juu yake. Ukirudi nyuma, umelegea. Hesabu mikono kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Wengi wa kiwango cha kati hupiga 52 hadi 64 kwa dakika, na ikiwa uko chini ya 48 huenda unateleza na kusubiri mno kati ya mkono na mkono, tabia ambayo mawimbi huiadhibu vikali.

Kamba ina jambo moja bora kuliko bwawa fupi: hakuna ukuta, hivyo mabega hayapumziki. Lakini haikupi kasi ya kupima, na kwa kuwa mwili hausongi mbele, maji hayapiti chini yako kukuinua. Miguu inashuka, unapiga mateke zaidi, na ukifanya hivi kila siku unajenga mtindo usio wako. Mara mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 25, inatosha. Mabega yakiuma upande wa mbele, acha wiki nzima.

Malambo

Mtera ina mamba na viboko. Hilo halina mjadala. Hombolo na malambo mengine yenye maji yaliyotuama, majani na konokono yana hatari ya kichocho, na viluwiluwi vya ugonjwa huo hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Kujikausha haraka ukitoka si kinga ya kutegemea. Hakuna sekunde inayostahili hilo.

Bahari

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imeifanya bahari kuwa jambo la mwisho wa wiki. Unaondoka Ijumaa jioni, unaogelea Jumamosi na Jumapili asubuhi, unarudi Jumapili mchana ukiwa bado na nguvu ya kazi Jumatatu. Gharama kubwa si nauli peke yake: unapoteza safari ndefu ya baiskeli ya Jumamosi, ambayo katika triathloni ndefu ndiyo nguzo. Ndiyo maana tunasema safari tatu au nne, zote ndani ya wiki 10 za mwisho, na ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya mashindano.

Unachokifuata huko ni kunyooka. Asilimia 5 ya kupinda njia ni mita 190 za ziada. Kwa mwendo wa 2:20 hizo ni dakika 4 na sekunde 26. Ili kupata muda huohuo kwa kasi peke yake, ungehitaji kupunguza sekunde 7 kwa kila mita 100, kazi ya miezi kadhaa bwawani. Kwa mtu ambaye kasi yake imegoma, hapa ndipo pa kuvuna.

Mbinu yenyewe: inua macho kila baada ya mikono 6 hadi 10, miwani tu itoke majini, kisha geuza kichwa pembeni ndipo upumue. Anayeinua kichwa kizima ili apumulie mbele anazamisha miguu kila mara na kupoteza mwendo aliokuwa nao. Usilenge boya peke yake. Ng'amua kitu kirefu kilicho nyuma yake, jengo au mnazi. Fanya mazoezi ya kumfuata mwenzako miguuni au ubavuni kwenye nyonga, jambo linaloruhusiwa katika kuogelea na linalopunguza juhudi waziwazi. Ogelea sambamba na pwani, si kwenda kilindini, ukiwa na boya la rangi kali kiunoni na mtu kwenye mtumbwi au mwogeleaji mwingine.

Soma jedwali la maji kabla ya kukata tiketi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita 3. Mkondo unakuwa mkali, na maji yakipwa utatembea mbali juu ya miamba kabla ya kufika pa kuogelea. Kwa safari ya kwanza chagua siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, na uogelee ndani ya saa moja au mbili za maji kujaa. Kusi inapovuma, katikati ya mwaka, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, asubuhi mapema huwa na utulivu kuliko mchana. Konyeza, viumbe laini wa baharini wanaowasha ngozi, wakiwa wengi, vaa fulana ya mikono mirefu inayobana.

Usilete muda wa baharini Dodoma kuulinganisha na wa bwawani. Maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5 na yanakubeba juu, mkondo unakusukuma au kukurudisha, na umbali unaotoka kwenye saa ni makadirio.

Nani achague nini

Kizingiti chako kikiwa juu ya 2:45, weka kila shilingi kwenye bwawa na mtu wa kukurekodi. Siku tatu kwa wiki za dakika 45 zinashinda siku moja ya saa mbili na robo, kwa sababu mwili husahau haraka jinsi ya kushika maji. Bahari kwako ni safari mbili za usalama tu, ili uoga usikuchukue siku yenyewe.

Kati ya 2:15 na 2:45 ndipo seti ya Alhamisi inapolipa zaidi. Ongeza kamba mara moja kwa wiki endapo bwawa halipatikani, na bahari mara tatu.

Chini ya 2:15, kasi ya ziada inakuja taratibu na inadai siku nne au tano za maji kwa wiki. Fikiria kwanza baiskeli: dakika 3 za kuogelea ni ghali kuzipata, ilhali saa hizohizo za mazoezi juu ya baiskeli ya kilomita 180 mara nyingi hutoa zaidi. Hapo bahari ni muhimu kuliko kamba, kwa ajili ya kunyooka na kufuata miguu ya aliye mbele.

Na kama mashindano yako ni ya maji baridi, mfano Gqeberha nchini Afrika Kusini, suti ya maji, vazi la mpira la kuzuia baridi, inabadilisha hesabu. Kwa wasio wa kulipwa, Ironman huiruhusu maji yasipozidi nyuzi 24.5. Inainua miguu, hivyo anayezama nyuma hufaidika kuliko mwenye mtindo mzuri, lakini inabana mabega kwa namna ambayo huijui hadi uivae. Ijaribu bwawani Juni au Julai asubuhi, mita 600 hadi 800 mara tatu, na utoke mara unapohisi joto kichwani. Katika maji ya vuguvugu ya Novemba usiivae kabisa.